Picha ya Chumba Kitupu

Wadau, leo tuzungumzie picha. Harusi na mastaa tuwaweke kando kidogo. Nataka kuuliza swali moja: kamera inaweza kupiga kile kinachomsumbua mtu moyoni?

Kwetu ni Malindi. Wengi wakisikia jina hilo hufikiria pwani ya Kenya, kumbe nasi tunayo Malindi yetu wilayani Lushoto, huku Usambara kwenye ukungu na kabichi. Fungua albamu ya familia huku kwetu: watu wamesimama wima, mikono imenyooka, macho kwenye kamera. Hata picha za msibani mara nyingi ziko hivyo hivyo. Mtu anajikaza kwanza, ndipo anapigwa.

Kamera ililetwa na wageni waliotazama watu kwa nje. Enzi za Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, mpiga picha Walther Dobbertin alifanya kazi katika koloni lile. Picha zake nyingi bado zimehifadhiwa na Bundesarchiv, nyaraka za taifa la Ujerumani. Picha nyingi za wakati ule humtaja Mwafrika kwa kabila au kazi yake, jina hakuna. Alikuwa anawaza nini? Hakuna aliyeuliza. Baadaye zikaja picha za pasipoti na vitambulisho, nazo zikataka sura tu.

Sasa mtazame Zarina Bhimji. Alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Zarina na familia yake walifika Uingereza mwaka 1974. Akasomea sanaa, akawa msanii, na miaka mingi baadaye akarudi Uganda na kamera.

Ungetegemea atafute nyuso za watu wanaolia, sivyo? Yeye akapiga majengo yaliyoachwa, kuta zilizobambuka rangi na vyumba vitupu. Filamu yake, Out of Blue, ilionyeshwa mwaka 2002 katika maonyesho ya Documenta 11 mjini Kassel, Ujerumani. Hakuna msimulizi anayekueleza kilichotokea. Kuna mandhari, moto, majengo na sauti. Mwaka 2007 akawa mmoja wa wasanii wanne walioshindania tuzo ya Turner, Uingereza.

Kwa nini chumba kitupu kinauma hivyo? Nadhani ni kwa sababu ukiona uso unaolia unamhurumia mwenye uso, halafu unaendelea na safari yako. Chumba kitupu unaingia mwenyewe, na unamkumbuka mtu wako aliyeondoka.

Jamani, hili linatuhusu. Kijana anatoka milimani, anapanga chumba Dar, kazi hakuna, usingizi hakuna. Kwenye simu yake ana picha mia tano, zote anacheka. Mama kule nyumbani anaziona, anashukuru Mungu, anamwambia jirani kwamba mwanawe hajambo.

Dobbertin hakuwauliza wazee wetu walichokuwa wakiwaza. Sisi kamera tunayo wenyewe mkononi, na bado tunajificha. Mwanahistoria atakayefungua picha zetu miaka 100 ijayo ataandika kwamba kizazi hiki hakikuwahi kuumia hata siku moja.

Wewe mdau, ukiambiwa upige picha moja tu ya mwaka wako ulivyokuwa kweli, bila uso wako kuonekana, ungepiga nini?