Namba Moja Hupigiwa Kampeni

Juni 1977 Uingereza ilipambwa kwa bendera. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anasherehekea miaka 25 ya kukalia kiti cha enzi, na watu walipanga meza mitaani wakala na kunywa pamoja. Shamrashamra hizo zilipokaribia, vijana wa London waliojiita Sex Pistols wakaingiza sokoni santuri yenye jina la wimbo wa taifa, God Save the Queen, lakini yenye maneno ya kuubeza ufalme. BBC ikaipiga marufuku. Mamlaka iliyosimamia redio na televisheni za biashara nayo ikaifungia. Woolworths na maduka mengine makubwa yakakataa kuiuza. Pamoja na hayo yote watu waliitafuta wakainunua, na chati rasmi ya wiki ya sherehe ilipotoka, wimbo ule ulikuwa namba mbili. Namba moja ilishikwa na Rod Stewart.

Fununu zilianza hapohapo na hazijazimika hadi leo. Gazeti la muziki la NME, lililokuwa na chati yake, liliuweka wimbo ule namba moja. Kwenye maduka ya W.H. Smith, ubao wa chati uliachwa wazi pale jina lake lilipostahili kuandikwa. Ilidaiwa kwamba wiki ile mauzo ya maduka yaliyomilikiwa na kampuni za santuri yaliondolewa kwenye hesabu, na Virgin, kampuni iliyoitoa God Save the Queen, ilikuwa na maduka yake. Hila hiyo haijathibitishwa. Lakini ule ubao ulioachwa wazi watu waliuona kwa macho yao, na kwangu unatosha kuonyesha kwamba nafasi ya kwanza si takwimu ya biashara tu. Isingekuwa na uzito, nani angejisumbua kulificha jina?

Chati yenyewe ilianza kwa kupiga simu. Novemba 1952 Percy Dickins wa NME aliyapigia maduka yapatayo 20 kuuliza santuri zipi zinatoka zaidi, akajumlisha majibu, gazeti likachapisha orodha. Al Martino, mwimbaji wa Marekani, akawa wa kwanza kushika namba moja ya Uingereza. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2014 hesabu ilikuwa ileile: umenunua, umehesabiwa. Hakuna anayemuuliza mnunuzi kama ameupenda wimbo, au ana hasira na serikali, au anataka tu kumkomoa mtu. Siasa huingia kwa mlango huo.

Kampuni za muziki ziliujua mlango huo mapema kuliko mashabiki. Huko Marekani, mwaka 1959 na 1960, Bunge lilichunguza jinsi watangazaji wa redio walivyokuwa wakipewa fedha ili wazipige nyimbo fulani mara kwa mara. Alan Freed, mtangazaji aliyeeneza jina la roki, alipoteza kazi, na mwaka 1962 alikiri mashtaka ya kupokea hongo. Wasanii wa Tanzania na Kenya hawahitaji kusimuliwa jambo hili. Malalamiko ya kudaiwa chochote ili wimbo upigwe hewani ni ya miaka mingi. Kwa hiyo anayesema mashabiki wanaiharibu chati aeleze kwanza ilikuwa safi lini.

Silaha kubwa ya mashabiki ilipatikana mwaka 2007, Uingereza ilipoanza kuhesabu kila wimbo uliopakuliwa kwa malipo kwenye intaneti, hata kama haukuwa na santuri dukani. Tangu hapo wimbo wa zamani uliweza kufufuliwa kwa wiki moja. Mwaka 2009 mume na mke wa Essex, Jon na Tracy Morter, walilitumia hilo. Kwa miaka 4 mfululizo namba moja ya Krismasi ilikuwa imechukuliwa na mshindi wa X Factor, shindano la televisheni la Simon Cowell. Wakafungua ukurasa wa Facebook wakiwaomba watu wanunue Killing in the Name, wimbo wa bendi ya Rage Against the Machine wa mwaka 1992 unaowashambulia polisi wabaguzi. Nakala 502,672 ziliuzwa katika wiki moja. Joe McElderry, kijana aliyeshinda shindano, alibaki nyuma kwa takriban 50,000. Shirika la Shelter, linalosaidia wasio na makazi, lilichangiwa makumi ya maelfu ya paundi, na Juni 2010 bendi ikaja London kuwapigia mashabiki bure. Wakosoaji walikumbusha kwamba lebo za pande zote mbili zilikuwa chini ya Sony. Ni kweli, faida ilirudi nyumba moja, lakini hilo halifuti kwamba watu walichagua wenyewe.

Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipofariki tarehe 8 Aprili 2013, waliomchukia walinunua Ding-Dong! The Witch Is Dead, kipande cha filamu ya mwaka 1939 kinachoshangilia kifo cha mchawi. Kikafika namba mbili. Waliompenda wakajibu kwa kununua wimbo mwingine wenye jina lake, ukaishia namba 35. BBC haikuthubutu kukipiga kile kipande chote wala kukinyamazia. Ikakikata, ikacheza sekunde chache ndani ya taarifa ya habari. Kushangilia maiti ya mwanamke mzee kunanikera. Lakini kipimo kikiruhusu kauli ninazozipenda tu, hakiwi kipimo tena.

Na mrengo wa kulia nao unajua mchezo huu. Julai 2023, huko Marekani, kituo cha televisheni cha CMT kiliacha kuonyesha video ya mwimbaji Jason Aldean, Try That in a Small Town, iliyopigwa mbele ya mahakama ya Tennessee ambako mwaka 1927 kundi la wazungu lilimuua kijana mweusi, Henry Choate. Wahafidhina wakakimbilia kuununua wimbo. Ukafika namba mbili ya Billboard, chati ya Marekani, kisha namba moja, na wiki iliyofuata ukaporomoka hadi 21.

Billboard haikukaa kimya mbele ya kampeni. Baada ya mashabiki wa BTS wa Korea Kusini kuusimamisha wimbo Butter kileleni kwa wiki 10 mwaka 2021, sehemu kubwa kwa kupakua kwa malipo, sheria ilibadilika mwaka 2022: mteja mmoja, nakala moja ya kupakua kwa wiki, badala ya 4. Naikubali sheria hiyo. Ninachopinga ni kwamba inambana shabiki peke yake. Kampuni bado zinatoa albamu moja kwa majalada na rangi tofauti, mpenzi wa msanii anazinunua zote, na kila moja inahesabiwa.