Kodi ya Mtu Ajifanyiaye Kazi

Mwenye mshahara hukatwa kodi na tajiri wake kabla hajapokea fedha mkononi. Lakini fundi seremala, mshonaji na mwenye duka hawana wa kuwakatia. Hao hujifanyia kazi wenyewe, na hesabu ya kodi ni juu yao wenyewe. Katika mazungumzo haya twataka kutazama jinsi hesabu hiyo ilivyogeuka tangu zamani za Wadachi, kwani ajuaye ilikotoka ataijua na haki yake.

Mwaka 1897 Serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kodi ya nyumba, na nyumba ya shamba ikatozwa rupia 3 kwa mwaka. Huko Buganda nako, mapatano ya mwaka 1900 yaliweka kodi ya nyumba rupia 3, na ya bunduki rupia 3 vile vile. Angalieni kilichohesabiwa: ni paa la nyumba, si faida ya mwenye nyumba. Aliyejaza ghala na aliyeharibikiwa na mavuno walitoa sawasawa. Asiyekuwa na mazao ya kuuza ilimbidi aende kuuza nguvu za mikono yake katika mashamba ya wageni, ili apate rupia. Uchungu wa kodi hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Hata Waingereza walipoitawala Tanganyika, sheria yao ya mwaka 1922 ilishika desturi ile ile: mwenye nyumba alilipia nyumba, na kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake.

Kisha ikaja kodi ya namna nyingine, nayo ni kodi ya mapato. Kenya iliiweka mwaka 1937, na Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita. Waliotozwa hapo kwanza walikuwa hasa wenye mishahara mikubwa na wafanya biashara wakubwa; watu wengi walibaki katika kodi ya kichwa. Lakini ndani yake mlikuwa na fikira mpya: kinachotozwa si paa wala kichwa, bali faida.

Na faida ni nini? Tuseme seremala ameuza meza na viti kwa shilingi 1,000. Mbao, misumari na gundi zimemgharimu shilingi 600, na kibanda amekilipia shilingi 100. Faida yake ni shilingi 300, wala si 1,000. Lakini ni nani atakayemsadiki, ikiwa hana hati ya mbao wala daftari? Asiye na maandishi hukadiriwa na mtoza kodi, na makadirio hayo huenda yakapita faida yake.

Tena, kuhesabu faida ya kila kibanda ni kazi ngumu. Kwa hiyo sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 iliwawekea wafanya biashara wadogo kodi itokanayo na mauzo ya mwaka. Hata hapo daftari halikuachwa: waliwekwa mbali mbali, mwenye kuweka hesabu na asiyeweka, kila mmoja kwa kiwango chake.

Basi, ajifanyiaye kazi na aandike kila siku alichouza na alichonunua, na kuzitunza hati zake. Fedha ya kodi na aitenge mapema, asiichanganye na mtaji wala na posho ya nyumbani, kwa kuwa siku ya kulipa haimngoji mtu. Wazee wetu waliohesabiwa mapaa hawakuwa na neno la kujitetea. Paa lilionekana, na hoja ikakoma. Sisi tunaohesabiwa faida tunalo, nalo ni lile lililoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.