Mchongaji Huchagua Nini? Mti, Nta na Chuma cha Bunduki

Somo letu la leo ni la historia, na tunalielekeza kwenu mlioko Chiwanda na vijiji vingine vya ufuko wa Ziwa Nyasa. Kaeni karibu na redio, na mwenye kalamu aandike maneno machache, maana mwishoni yako maswali ya kujadiliana.

Pengine hapo kijijini penu yuko kijana mwenye mkono mwema wa kuchonga, lakini amekwisha kuacha. Ameambiwa kwamba kinyago kisicho cha mpingo si kinyago cha asili, naye mpingo ni ghali na hana njia ya kuupata. Je, aliyemwambia hivyo amesema kweli? Tuiulize historia.

Kwanza, tazameni mambo ya kwenu. Fundi wa mitumbwi hakati mti wo wote anaoukuta njiani. Hutafuta shina nene lililonyoka, lenye mti usiopasuka upesi majini. Kadhalika wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kaskazini ya ziwa hili hili, huchagua udongo wao kwa uangalifu, kisha huchukua vyungu kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Basi fundi huchagua kitu kwa kuangalia kazi itakayofanywa nacho. Likumbukeni neno hilo, maana ndilo ufunguo wa somo zima.

Sasa twende kwa Wamakonde, wachongaji mashuhuri kuliko wote katika nchi zetu. Kazi yao ya zamani inayojulikana sana ni mapiko, yaani vinyago vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago. Je, mapiko yalichongwa kwa mpingo? La. Yalichongwa kwa mti mwepesi na laini. Sababu yake ni wazi: mchezaji atawezaje kuruka na kucheza huku amebeba mti mzito kichwani? Mpingo ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Tena wazee wale hawakutosheka na mti peke yake. Walibandika nywele za binadamu hasa, na kwa nta ya nyuki walifanya chale za usoni. Kwa hiyo kuchanganya vitu mbalimbali katika sanamu si jambo lililoletwa na wageni.

Mpingo ulipata nguvu katika karne ya 20. Wamakonde wengi wa uwanda wa Mueda walivuka mto Ruvuma kuja Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, na kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge. Huku na huko walipata wanunuzi wapya: wamisionari, maofisa na wafanya biashara. Hawa hawakutaka kinyago cha kuchezea ngoma. Walitaka sanamu ya kuweka mezani, yenye kung'aa na kudumu. Hapo uzito wa mpingo haukuwa kosa tena. Mchongaji aliondoa ganda jeupe kwa tezo, akafikia moyo mweusi, akaufanyia kazi kwa patasi na tupa, kisha akaulainisha kwa msasa.

Katika miaka ya 1950 mjini Dar es Salaam, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, viumbe wenye viungo vilivyopindana na matundu katikati, na mfanya biashara Mohamed Peera alizinunua kazi hizo. Roberto Yakobo Sangwani naye anakumbukwa kwa nguzo ya watu waliobebana, mtindo uliokuja kuitwa Ujamaa. Mwaona basi: kile kinachoitwa leo cha asili kilikuwa kipya wakati wa baba na babu zetu.

Baada yao alikuja George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Alifanya kazi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Aliujua mpingo, lakini alichonga pia miti myepesi akaipaka rangi kali za kupendeza, na mashetani yale yale akayachora katika picha. Kazi zake zilifika Ulaya, Marekani na Japani.

Sasa tuvuke mpaka, maana Msumbiji si mbali nanyi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya huko ilianza mwaka 1977, ikamalizika kwa mapatano ya Roma ya mwaka 1992. Vita iliisha, lakini bunduki zilibaki zimefichwa majumbani na ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwapa watu majembe, baiskeli, vyerehani na mabati kwa kubadilishana na silaha. Silaha zilikatwa zisitumike tena, na vipande vingine wakapewa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliviunga akafanya kiti cha enzi, ambacho kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Bunduki zile zote zilitengenezwa nje ya Afrika, lakini waliouawa nazo walikuwa Waafrika. Je, kiti hicho kingalichongwa kwa mpingo, kingalisema maneno hayo? Hapana. Chuma chenyewe ndicho shahidi.

Jambo la mwisho ni la kufikiri sana. Mpingo hukua polepole, na huchukua miaka 70 au zaidi mpaka kufaa kuvunwa. Nao hutakiwa pia na watengenezaji wa ala za muziki ng'ambo. Anayekata bila kupanda anamnyima mjukuu wake tezo na kazi.

Basi mwambieni kijana yule asitupe tezo lake. Mti mwepesi ulikuwa wa babu, mpingo ulikuwa wa baba, na yeye ana haki ya kuchagua kitakachoibeba habari yake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mapiko hayakuchongwa kwa mpingo?
2. Wanunuzi waliibadilishaje kazi ya wachongaji? Je, palikuwa na faida na hasara gani?
3. Hapo kwenu kuna vitu gani vinavyotupwa ambavyo mchongaji angeweza kuvitumia, navyo vingesema nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.