Nobel ya Anne L'Huillier haikuanza na ile simu

Wengi wetu tunamjua kwa stori moja. Oktoba 3, 2023, Anne L'Huillier alikuwa anafundisha fizikia chuoni Lund, Sweden, simu ikiwa kimya. Wakati wa breki akaicheki, akakuta watu wa Nobel wamempigia weee. Akaongea nao, halafu akarudi kumalizia kipindi. Stori tamu, sikatai. Vichwa vya habari vikaongeza kuwa ni mwanamke wa tano kushinda Nobel ya fizikia, basi, tukascroll mbele. Lakini alifanya nini hasa?

Rudi 1987, pale Saclay karibu na Paris. Yeye na wenzake walikuwa wanapitisha leza ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, ndani ya gesi ya agoni. Upande wa pili ukatoka mwanga wa aina nyingine. Chukulia gitaa: ukigonga uzi mmoja, juu ya noti unayosikia kuna noti zingine nyembamba zaidi, na kadri zinavyopanda ndivyo zinavyofifia. Mwanga nao ulitarajiwa kufanya hivyo. Ulififia kidogo mwanzoni, kisha ukagoma. Noti baada ya noti, nguvu ikabaki karibu ile ile.

Sababu ni elektroni. Leza inaing'oa kwenye atomu, inaitupa nje, halafu inageuka na kuirudisha mbio. Ikigonga nyumbani, nguvu iliyobeba inatoka kama mwanga.

Ungemuuliza mwaka huo hii kitu inalipa nini, jibu lilikuwa fupi sana. Na hakuiacha. Miaka 14 baadaye, 2001, Pierre Agostini kule Ufaransa alipima mfululizo wa miale ya mwanga, kila mmoja ukidumu atosekunde 250. Ferenc Krausz, Vienna, akatenga mwale mmoja wa atosekunde 650. Ndio hao aliogawana nao tuzo. Na atosekunde si mchezo: sekunde moja ina atosekunde nyingi kuliko sekunde zote zilizopita tangu ulimwengu uanze, tena zaidi ya mara mbili.

Sehemu ninayoipenda mimi haikupata headline. Mwaka 2010, timu ya Krausz ilipima elektroni zikitoka kwenye atomu za neoni, zingine zikachelewa atosekunde 21 nyuma ya wenzao. Hesabu za wananadharia zilitoa muda mfupi zaidi. Nani amekosea? Ubishi ulivuta miaka saba. Kikosi cha Lund kikapima upya, kwa makini kuliko mwanzo, na 2017 kikaonyesha kuwa kwenye kipimo cha kwanza huenda kulijichanganya elektroni zingine, zile zinazotoka huku zikisukuma mwenzao aliyebaki ndani. Ukiziondoa hizo, hesabu na kipimo vinakubaliana.

Miaka saba, wasee, kwa sababu ya atosekunde 21.