Kozi Moja, Wanafunzi wa Fani Mbalimbali: Mhadhiri Aanzie Wapi?

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu hapa Kenya, awe wa uuguzi, biashara au Kiswahili, hukuta masomo ambayo lazima ayasome pamoja na wenzake wa vitivo vingine. Stadi za mawasiliano ni mojawapo. Mara nyingi ukumbi hufurika, mhadhiri huwasomea wote maandishi yale yale, na baada ya mtihani kila kitu husahaulika. Kozi ya wote ikawa haina mwenyewe.

Kozi ya namna hii yaweza kupangwa vizuri. CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, hufundisha misingi ya kompyuta, na David Malan ameisimamia tangu 2007. Huingia wanafunzi wa uchumi, historia na biolojia, wengi wao wakiwa hawajawahi kuandika programu hata moja. Huanza na Scratch, ambapo mtu hupanga vipande vya rangi kwenye skrini, kisha huingizwa kwenye lugha ngumu ya C. Mihadhara ni ya wote, lakini vikundi vya mazoezi hugawanywa kulingana na uzoefu: wageni kabisa, walio katikati na waliozoea. Mwisho kila mmoja hubuni mradi wake. Mwaka 2014 waliojiandikisha walizidi 800.

Hapo hakuna aliyepunguziwa somo. Mwanahistoria naye huandika C.

Sasa tuseme ni somo la takwimu, Kilifi au Mombasa. Wa uvuvi apime urefu wa tafi walioshushwa ufuoni. Wa utalii ahesabu vyumba vya hoteli vilivyopata wageni Disemba na vile vya Mei, wakati wa mvua. Wa afya atumie uzani wa watoto wa kliniki. Hesabu ya wastani ni ile ile. Kisha wakae meza moja, wa utalii amuulize wa uvuvi mbona samaki watatu wakubwa wamevuta wastani juu namna ile. Akishindwa kumweleza mtu asiye wa fani yake, basi hajaelewa bado.

Kazi ya kusahihisha itaongezeka, tusidanganyane. Harvard ina wasaidizi wengi. Huku mhadhiri ni mmoja. Aanze na zoezi moja tu kwa muhula, na kabla ya kuliandika aulize kila idara: wanafunzi wenu watalihitaji somo hili wapi mwaka wa tatu?