Kadi ya nauli iliyowashinda makanga

Unapanga kuandika programu ya tiketi za matatu? Soma kwanza historia ya BebaPay. Mwaka 2013 Google na Equity Bank zilileta kadi hii Nairobi: abiria anaigusisha kwenye simu ya makanga, nauli inakatwa. Serikali nayo ikataka nauli ya pesa taslimu ikome Julai 2014. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa la kompyuta. Mwenye gari hupewa hesabu yake jioni, na kinachozidi ni cha dereva na makanga. Kwa kadi, tajiri angeona kila shilingi! Nani angeipigia debe? Tena mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo. BebaPay ikafungwa 2015. M-Pesa, ya tangu 2007, makanga huikubali: mara nyingi pesa huingia simuni mwake.