Uongozi wa Wanyamavu: Wameru na Dai la Engare Nanyuki

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hii hutajwa zaidi kwa kuonya. Ni nadra kuzingatiwa kama kanuni ya uongozi. Lakini historia ya Wameru yaonyesha kwamba uongozi una kazi nyingi zimfaazo mnyamavu kuliko msemaji.

Huko Nkoaranga, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianzisha kituo mwanzoni mwa karne ya 20. Pamoja na dini walileta shule, na kalamu ikazaa namna mpya ya kiongozi. Mshili, mkuu wa ukoo, alisimama mbele ya watu akanena. Karani aliketi, akasikiliza, akaandika.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, lakini mikuki haikuinuliwa. Fidia waliikataa, kwa maana kuipokea kungekuwa kukubali kuuza. Badala yake wakachanga fedha, wakakusanya ushahidi, na malalamiko yao yakaandikwa kupelekwa Umoja wa Mataifa. Kazi hizo hazikudai ulimi mtamu. Zilidai sikio, kumbukumbu na mkono usiochoka.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton kulitetea dai hilo. Hapo ulimi nao ulihitajika. Lakini maneno yalipata uzito kwa sababu yalitanguliwa na maandishi. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo habari zilienea Tanganyika, na TANU ilipoundwa mwaka 1954 watu wengi walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtawala aweza kushtakiwa.

Si kila kimya ni hekima. Kiko kimya cha woga, nacho huwaacha wanyonge bila mtetezi. Kimya cha Wameru kilikuwa cha kazi. Basi ofisi au chuo kinachochagua viongozi kwa kupima sauti barazani hupata wasemaji, na huenda kikamwacha nje yule ambaye angaliandika dai.